Nyenzo iamuliwe kabla jino halijachongwa

Ndugu Mhariri,

Kila mazungumzo ya kuziba meno yanapoingia katika kurasa za afya, huishia kwenye rangi: nizibe kwa kizibo cha fedha au cheupe? Ni swali la haki, maana mgonjwa ndiye atakayeishi na jino hilo. Tatizo lake ni kwamba linamfanya mtu aamini kuwa tundu ni lile lile, na kwamba tofauti inaanza pale daktari anapochagua cha kulijazia. Sivyo. Amalgamu (kizibo cha fedha) na kompositi (kizibo cheupe cha plastiki, kinachoshikwa kwa gundi) hushika jino kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo, na kila moja inadai tundu la umbo lake. Uamuzi ukingoja hadi jino lichongwe, mara nyingi sehemu nzima ya jino imekwisha kuondolewa bila sababu. Naomba nafasi nilieleze jambo hili kwa kirefu, kwa ajili ya wanafunzi wa tiba ya meno, matabibu walioko kazini, na wagonjwa wanaotaka kujua kinachofanyika kinywani mwao.

Tuanze na jino lenyewe. Ganda la nje ni enameli, ambayo kwa uzito ni madini takribani asilimia 96. Ni ngumu kuliko mfupa, lakini hupasuka upesi ikikosa cha kuiegemeza. Imejengwa kwa vijiti vidogo mno vya madini vilivyosimama bega kwa bega, kuanzia kwenye mpaka wake na dentini, tabaka lililo chini yake, hadi usoni pa jino. Kijiti kilichokanyaga dentini nzima hubaki mahali pake. Kijiti ambacho dentini yake imeoza au imechongwa hubaki kikining'inia, na siku mgonjwa akiuma kitu kigumu kinavunjika na kuacha mfereji pembezoni mwa kizibo. Dentini ni laini zaidi: madini yake ni kama asilimia 70, yaliyobaki ni kolajeni (nyuzi za protini) na maji. Imejaa mirija midogo inayoelekea kwenye kiini cha jino, penye mishipa ya damu na ya fahamu. Kadiri unavyochonga kwenda chini, mirija hiyo inazidi kuwa mingi na mipana, ndiyo maana tundu la kina kirefu huwa na unyevu hata baada ya kukaushwa, na ndiyo maana gundi hushika vizuri zaidi kwenye enameli na dentini ya juu kuliko karibu na kiini.

Kuoza nako kuna tabia yake. Kukishapenya enameli na kufika mpaka wa dentini, husambaa kando kando chini ya ganda. Nje utaona doa jeusi dogo kwenye mfereji wa gego, ndani kuna pango. Kwa hiyo mahali pa kwanza pa kusafisha ni ule mpaka, pande zote kuzunguka tundu, kabla hujagusa sakafu. Pembeni pakishakuwa pagumu na safi, muhuri wa kizibo umepata pa kukaa, hata kama sakafuni kumeachwa dentini laini kidogo juu ya kiini. Nitalirudia hilo la sakafu, kwa kuwa hapo ndipo meno mengi huuawa na mkono wenye bidii.

Kabla ya bari, yaani ncha ya kuchongea jino, kuzunguka kuna mambo ambayo yakirukwa hayarudiwi. Karatasi ya rangi iwekwe kati ya meno na mgonjwa aume, ili ijulikane gego la juu linagusa wapi. Ukingo wa kizibo usikae pale pale panapopigwa na jino la pili. Ama tundu liishie kabla ya alama hiyo, ama lipite kabisa. Kama ni kompositi, rangi ichaguliwe wakati jino bado lina mate, kwani enameli ikikauka kwa dakika chache tu huwa nyeupe kuliko kawaida yake, na kizibo kilichofananishwa na jino kavu kitaonekana cheupe mno kesho yake. Kama uozo uko kati ya meno mawili, kabari iingizwe mapema, kabla ya kuchonga: inasukuma meno yaachane kidogo na inaikinga fizi. Kipande cha ukanda wa chuma kiwekwe kulilinda jino la jirani. Jino la jirani lililokwaruzwa na bari lina uso mkwaruzo unaokamata uchafu, na hapo uozo mpya umekaribishwa kwa mkono wa mtabibu.

Ganzi ipewe muda ishike. Kisha mashine ya kasi, ambayo huzunguka mara 200,000 hadi 400,000 kwa dakika, itumike pamoja na maji, bila kusukumwa. Utafiti maarufu wa mwaka 1965 uliofanywa kwa nyani ulionyesha kwamba joto la kiini likipanda kwa nyuzi 5.5 tu za Selsiasi, viini vya baadhi ya meno hufa. Mguso uwe mwepesi na wa kukatiza katiza, na bari iliyokwisha makali itupwe. Bari butu haikati. Inasugua, na kusugua ndiko kunakozaa joto.

Sasa amalgamu. Ni unga wa aloi ya fedha, bati na shaba uliochanganywa na zebaki, na zebaki hufikia karibu nusu ya uzito wote. Peke yake hainati kwenye jino. Hushikiliwa na umbo la tundu, ndiyo maana tundu lake hufanywa kama mtungi, mdomo ukiwa mwembamba kidogo kuliko tumbo. Ukuta wa upande wa shavu na ule wa upande wa ulimi huinamiana kidogo kuelekea juu, ili kizibo kikishakaza kisichomoke. Bari namba 245 au 330, ambayo kichwa chake hupanuka kidogo kuelekea nchani, huutoa mwinamo huo yenyewe alimradi imeshikwa wima kufuata mhimili wa jino. Wanaoshindwa ni wale wanaoilaza wakitaka kuona vizuri. Afadhali kusogeza kioo.

Kina cha chini kabisa ni milimita 1.5, na 2 ni bora zaidi mahali panapobeba mzigo wa kutafuna. Sababu yake ni kwamba amalgamu huhimili sana kukandamizwa lakini haihimili kuvutwa wala kupindwa. Ikiwa nyembamba hupasuka. Kichwa cha kukatia cha bari namba 245 kina urefu wa milimita 3, basi nusu yake ikizama kwenye mfereji wa kati umefika kina kinachotakiwa bila kubahatisha. Sakafu iwe tambarare na iingie ndani ya dentini kidogo tu, isizidi nusu milimita, isipokuwa palipooza. Upana wa tundu kati ya vilele viwili vya gego usizidi robo ya umbali wa vilele hivyo pale inapowezekana. Ukizidi theluthi, vilele vinaanza kufanya kazi ya kabari dhidi ya jino lenyewe, na kilele kilichobaki chembamba ni salama zaidi kikipunguzwa na kufunikwa kuliko kuachwa kisimame. Kufunika kilele kinachobeba mzigo kunahitaji unene wa amalgamu wa milimita 2. Kilele cha upande usiobeba mzigo kinatosheka na 1.5.

Kuta za mbele na nyuma, zinazoelekea kingo za pembeni za gego, hazifuati kanuni ya mtungi. Zikiinamishwa ndani, zinakula chini ya ukingo na kuuacha ukining'inia. Hizo zifunguke kidogo kuelekea nje, na ukingo uachiwe unene wa angalau milimita 1.6 kwenye magego madogo na 2 kwenye magego makubwa. Ukishauvunja ukingo huo, tundu dogo la juu limegeuka kuwa tundu la nyuso mbili, na jino limepoteza mhimili wake mkubwa.

Halafu kuna pembe ya ukingo. Mahali kizibo kinapokutana na uso wa jino, pembe iwe ya nyuzi 90 au karibu na hapo. Ikichongwa mshazari, amalgamu itaishia kwa ncha nyembamba na ncha hiyo itamegeka. Ikichongwa kinyume, enameli ndiyo itakayobaki nyembamba na kumegeka. Pembe za ndani ya tundu ziwe za mviringo, kwa sababu kona kali hukusanya nguvu mahali pamoja na ufa huanzia hapo.

Panapohitaji umakini mkubwa ni sanduku la pembeni, pale uozo ulipoanzia kati ya meno mawili. Sakafu ya sanduku ishuke hadi iachane na jino la jirani kwa nusu milimita hivi, yaani ncha ya kichunguzi ipite. Ikiachwa inagusa, ukanda wa chuma hautapita, ukingo hautasafishika, na uozo utarudi pale pale. Ukuta wa ndani wa sanduku uingie ndani ya dentini kwa sehemu ya nusu milimita na ufuate mviringo wa nje wa jino. Ukinyooshwa kama ubao, katikati yake itakaribia kiini. Kisha bari iwekwe chini na patasi ya mkono ichukuliwe. Chini pale karibu na fizi, vijiti vya enameli huinama kuelekea mzizi, kwa hiyo sakafu iliyokatwa tambarare kabisa huacha vijiti visivyo na mguu. Patasi ya kupunguzia ukingo wa fizi, ikivutwa mara mbili tatu kwa mwinamo mdogo, hung'oa vipande vyeupe vidogo kama hivyo. Mtabibu huvisikia vikikatika kabla hajaviona. Hatua hii huchukua nusu dakika na ndiyo inayorukwa zaidi kuliko zote. Mwisho, kona ambapo sakafu ya juu inashuka kuingia kwenye sanduku ilainishwe, kwani ndipo vizibo vya nyuso mbili hukatikia.

Kujaza amalgamu sitakaa nako sana. Ukanda na kabari vikaze chini ili isifurike kwenye fizi, ishindiliwe kwa mafungu madogo kwa nguvu, ijazwe kupita kiasi kama milimita moja, kisha ichongwe kurudisha umbo. Isiingiwe na mate wakati wa kushindilia: amalgamu yenye zinki ikipata unyevu hutoa gesi ya haidrojeni ndani yake na kuvimba siku kadhaa baadaye. Mgonjwa aepuke kutafunia upande huo kwa saa 24.

Kanuni hizi zilipangwa kwa utaratibu na Greene Vardiman Black, daktari wa Marekani aliyefariki mwaka 1915, na nyingi bado zinasimama kwa amalgamu. Ile iliyopitwa na wakati ni ya kupanua tundu hadi kwenye mifereji yote ya gego, hata mizima, kwa nia ya kuzuia uozo usirudi. Ilitungwa kabla ya floraidi kuenea na kabla ya kuwapo gundi yoyote ya kuaminika. Leo mfereji mzima hufunikwa kwa utandu wa kinga bila kuchongwa. Bado nakutana na matundu yaliyotambaa gego zima kwa doa moja la ukubwa wa kichwa cha pini, na mengine yamejazwa kompositi, nyenzo isiyohitaji hata nusu ya uchongaji ule.

Kompositi ilifungua mlango mwingine. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosforiki uso wake huparazika kwa namna ambayo plastiki ya maji maji huingia ndani ya vijitundu hivyo na kushika. Tangu hapo umbo la tundu limeacha kuwa mshikaji mkuu. Tundu la kompositi ni njia ya kuufikia uozo na kuutoa, basi. Halina kina cha lazima, halihitaji sakafu tambarare, halihitaji kuta za kuinamiana wala mapanuzi ya pembeni ya kung'ang'ania. Likiisha ndani ya enameli, liishie humo. Hapa ndipo mikono iliyofundishwa amalgamu hukosea: inafika milimita 1.5 kwa mazoea, inaondoa dentini nzima, kisha inajaza nyenzo ambayo ingeridhika na robo ya nafasi hiyo.

Kosa la upande wa pili ni kudhani kwamba kwa kuwa kuchonga kumepungua, kazi nayo imepungua. Haijapungua, imehama. Amalgamu husamehe unyevu kidogo, kompositi haisamehi. Mate, damu au hata mvuke wa pumzi ukigusa jino lililokwisha kutiwa asidi, gundi haitashika, na hakuna kitakachoonekana siku hiyo. Kizibo kitapendeza, mgonjwa atatabasamu, na baada ya miezi michache mstari wa kahawia utazunguka kingo zake. Shuka la mpira linalolitenga jino na kinywa ndilo kinga bora. Palipo na vipamba pekee, vibadilishwe kabla havijalowa, na mfyonzaji mate asiachwe akining'inia tu mdomoni.

Kingo za kompositi zinataka uamuzi wa mahali na mahali. Kwenye meno ya mbele, upande unaoonekana, mshazari wa nyuzi 45 wenye upana wa nusu milimita hadi milimita moja hufaa: hufunua ncha za vijiti vya enameli zishikwe na gundi, na huficha mstari wa mpito wa rangi. Juu ya gego, usichonge mshazari. Vijiti vya pale vimeelekea kwenye mifereji, kwa hiyo ukuta wa kawaida tayari umezikata ncha zake, na mshazari ungezaa utando mwembamba wa kompositi utakaovunjika kwa kutafuna. Kwenye sakafu ya sanduku karibu na fizi napo hapana, kwa sababu enameli ni nyembamba. Ukiikata mshazari umeimaliza, na kilichobaki ni dentini, ambayo hushikwa kwa udhaifu zaidi. Vijiti vilivyolegea viondolewe kwa patasi, si zaidi.

Sasa asidi, kwa ukaribu. Jeli ya asilimia 37 huwekwa kwanza kwenye enameli, sekunde 15 hadi 30. Dentini hupakwa mwisho na isizidi sekunde 15. Huoshwa kwa maji mengi kwa muda usiopungua ule wa kupaka. Enameli ikipulizwa iwe nyeupe isiyong'aa. Ikiwa bado inang'aa, asidi haikufika. Dentini haitendewi hivyo. Asidi imeondoa madini na kuacha nyuzi za kolajeni zikielea ndani ya maji. Ukipuliza hewa hadi ikauke, nyuzi hizo hulala chini na kushikana, gundi hukosa pa kupenya, na mirija iliyo wazi chini yake hubaki bila kizibo. Mgonjwa ataondoka akiwa na ganzi, na jioni atashindwa kunywa maji baridi. Ukiacha dimbwi, gundi itachanganyika na maji na kudhoofika. Kinachotakiwa ni uso wenye mng'aro hafifu wa unyevu, bila tone linalotembea. Kipande kikavu cha sponji kikigusishwa hapo hufyonza ziada vizuri kuliko bomba la hewa. Wenye gundi za kisasa zinazobeba asidi yao wenyewe hawahitaji kutia jeli kwenye dentini, lakini kwa nyingi ya gundi hizo kutia jeli kwenye kingo za enameli pekee huimarisha mshiko. Gundi isuguliwe kwa brashi kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, ipulizwe taratibu mpaka isiyumbe tena, ndipo iwashiwe taa ya bluu inayoikaza.

Kompositi ikikaza hupungua ujazo kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 3. Ndani ya tundu la juu ya gego, inashika nyuso tano na uso mmoja tu ndio ulio huru, kwa hiyo kupungua huko huzivuta kuta zote kwa pamoja. Likiwekwa bonge moja, ama sakafu itabanduka na kuacha nafasi ya majimaji, ama kilele cha gego kitavutwa na mgonjwa ataumia kila anapouma. Mafungu yasiyozidi milimita 2, yakiegemezwa ukuta mmoja baada ya mwingine badala ya kuunganisha kuta mbili zinazotazamana kwa mara moja, hupunguza mvuto huo. Zipo aina zinazoruhusiwa hadi milimita 4, lakini ruhusa hiyo ni ya taa yenye nguvu iliyoshikwa karibu. Na taa ndiyo inayosahaulika. Nuru ya bluu hupungua haraka kadiri ncha inavyokuwa mbali, na sakafu ya sanduku la pembeni inaweza kuwa milimita 5 au 6 kutoka ilipo ncha. Fungu la kwanza pale chini, ambalo ndilo linaloziba mlango wa uozo, hupata nuru hafifu kuliko yote. Liongezewe muda. Ncha ifutwe mabaki ya plastiki yaliyoganda, ishikwe wima, na mtabibu avae miwani ya rangi ya chungwa ili aangalie anapomulika badala ya kugeuza uso.

Jambo jingine la kompositi ni kugusana na jino la jirani. Amalgamu ikishindiliwa husukuma ukanda wa chuma hadi ubanane na jirani. Kompositi haisukumi kitu. Ukanda wa kuzunguka jino zima ukitumiwa kama ulivyozoeleka, hubaki mwanya unaokamata chakula, fizi inauma na uozo unarudi. Ukanda mfupi wenye tumbo, pete ya kutenganisha meno na kabari ya kimo kinachofaa ndivyo vinavyorudisha mgusano. Asiyekuwa navyo afikirie upya kabla ya kuahidi kizibo cheupe kati ya magego mawili. Aliyeweka dawa ya muda yenye mafuta ya karafuu pia akumbuke kwamba mafuta hayo huzuia plastiki isikaze. Ikwanguliwe yote na dentini isafishwe, au itumike dawa ya muda isiyo na mafuta hayo tangu mwanzo.

Narudi kwenye sakafu ya tundu, ambapo nyenzo zote mbili zinafuata njia moja. Dentini iliyooza ina sehemu ya nje iliyo laini, yenye unyevu, iliyojaa bakteria, chini yake iko iliyo kama ngozi, inayokwanguka kwa vipande vikavu, kisha ngumu. Rangi si mwongozo wa kutosha. Dentini iliyosimama kuoza zamani inaweza kuwa nyeusi na bado ikawa ngumu, nayo iachwe, isipokuwa mahali ambapo weusi wake utaonekana. Kwenye tundu la kina cha kawaida, tumia bari ya mviringo ya mwendo wa polepole au kijiko cha kukwangulia, na usimame dentini ikianza kukataa kijiko. Kwenye tundu lililokaribia kiini, ikiwa jino halina maumivu ya kujianzia lenyewe wala yanayodumu baada ya baridi kuondoka, dentini laini iachwe juu ya kiini na pembeni pote pasafishwe hadi pagumu. Makubaliano ya kitaalamu yaliyochapishwa mwaka 2016 yanaunga mkono njia hiyo. Bakteria waliofungiwa chini ya muhuri mzuri hukosa chakula na uozo husimama, lakini kiini kilichotobolewa kwa kufuatia usafi kamili hakirudishwi kilivyokuwa. Pale inapobaki dentini nyembamba sana, weka tone la haidroksidi ya kalisi mahali hapo tu na ulifunike kwa saruji ya glasi ionoma. Usiitandaze kwenye sakafu nzima. Haina nguvu, huyeyuka taratibu, na inaziba dentini ambayo gundi ingeishika.

Maumivu baada ya kuziba yasomwe kwa makini. Yanayokuja kwa kuuma tu, mara nyingi ni kizibo kirefu: karatasi ya rangi itaonyesha doa, na kupunguza kidogo kunatosha. Yanayokuja pale mgonjwa anapoachia kuuma yaashirie ufa wa jino au kizibo kilichobanduka sakafuni. Baridi inayouma kwa wiki mbili tatu chini ya amalgamu ni kawaida, kwa kuwa chuma hupitisha baridi na joto. Chini ya kompositi ishuku gundi. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku ni ya kiini, wala hayatibiwi kwa kubadilisha kizibo.

Ipi basi ichaguliwe? Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, unataka amalgamu ipunguzwe. Marekebisho ya mwaka 2022 yanaitaka kila nchi mwanachama izuie zebaki ya kumimina isitumike na matabibu, na izuie amalgamu, au ipendekeze isitumike, kwa meno ya utotoni, kwa walio chini ya miaka 15, na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa pale mtabibu anapoona hapana budi. Umoja wa Ulaya umeiachisha tangu tarehe 1 Januari 2025, isipokuwa kwa hitaji maalumu la kitabibu. Mwelekeo uko wazi. Hata hivyo, pale ambapo bado inaruhusiwa, sanduku lililozama chini ya fizi inayovuja damu, kwa mtu mzima ambaye jino lake haliwezi kukaushwa, litahudumiwa vizuri zaidi na amalgamu ya kidonge (iliyopimwa tayari ndani ya kifuko kilichofungwa), au na saruji ya glasi ionoma, kuliko na kompositi iliyogundishwa kwenye damu. Na amalgamu ya zamani iliyo nzima ising'olewe kwa sababu ya rangi pekee. Kuing'oa hupanua tundu na hutoa mvuke wa zebaki. Ikibidi itolewe, ikatwe mapande makubwa kwa maji mengi na mfyonzo mkali, isisagwe kuwa vumbi.

Ombi langu kwa vyuo vinavyofundisha tiba ya meno ni kwamba mwanafunzi apimwe kwa matundu mawili tofauti, juu ya meno mawili tofauti, na anayechonga tundu la amalgamu kisha akalijaza kompositi asihesabiwe kuwa amefaulu. Kwa matabibu: nyenzo iandikwe kwenye faili kabla ya sindano ya ganzi, pamoja na sababu yake, na ikiwa mpango utabadilika katikati ya kazi kwa sababu tundu limekuwa la kina zaidi au fizi inavuja, mgonjwa aambiwe pale pale, mashine ikiwa imezimwa. Kwa mgonjwa, maswali mawili kabla ya kuketi yanatosha: utalitengaje jino langu na mate, na kiasi gani cha jino zima kitakatwa? Daktari aliyeamua mapema atayajibu bila kusita.

Wako,
Daktari wa meno